Roberto Clemente: Nyota wa besiboli aliyezama na amana ya watu

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1972, wakati watu wa kisiwa cha Puerto Rico wakiwa majumbani wanausubiri mwaka mpya, ndege kuukuu ya mizigo iliruka kutoka uwanja wa ndege wa San Juan. Ilikuwa imesheheni misaada ya watu walioathiriwa na tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Haikufika mbali. Dakika chache baada ya kupaa ilikuwa imetumbukia baharini. Ndani yake walikuwamo watu watano, na mmoja wao alikuwa Roberto Clemente, mwenye umri wa miaka 38, mmoja wa wachezaji mahiri zaidi katika historia ya besiboli.

Wengi wetu hapa Pwani mchezo huu hatuujui. Sisi ni watu wa kandanda, na wachache wetu wa kriketi. Lakini kisa cha Clemente hakimtaki mtu awe shabiki wa besiboli ndipo akielewe. Nakisimulia kwa sababu wengi wanaomtaja hukimbilia usiku ule wa mwisho, wakamsifu kwa ukarimu, wakaishia hapo. Husahau kwamba kwa miaka mingi kabla ya usiku huo, mtu huyo huyo aliitwa mkaidi, mlalamishi na mwenye majivuno. Mimi naona ukaidi ule na ukarimu ule vilitoka chungu kimoja.

Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 katika kitongoji cha San Antón, mji wa Carolina, Puerto Rico. Kisiwa hicho cha bahari ya Karibi kilitawaliwa na Uhispania kwa karne nne, kisha Marekani ikakitwaa mwaka wa 1898. Wakazi wake walipewa uraia wa Marekani mwaka wa 1917, lakini lugha yao ikabaki Kihispania. Baba yake, Melchor Clemente, alikuwa nyapara wa wakata miwa. Mama yake aliitwa Luisa Walker. Roberto alikuwa kitindamimba wa nyumba ile, na kama watoto wengine wa mashambani, alimsaidia baba yake kupakia na kupakua mizigo.

Besiboli aliianza kama watoto wetu wanavyoanza kandanda kwa mpira wa makaratasi. Gongo lilikuwa tawi la mpera, glavu ilikuwa kipande cha gunia la kahawa, na mpira ulikuwa matambara yaliyofungwa yakakazwa. Alipoingia sekondari alijulikana pia kwa kurusha mkuki, na mkono ule wa mkuki ndio uliokuja kuwatisha wapinzani wake baadaye.

Kulikuwa na mchezaji mmoja aliyempenda kuliko wote. Jina lake Monte Irvin, Mmarekani mweusi aliyekuja kisiwani wakati wa baridi kuchezea timu ya San Juan. Wakati huo weusi walikuwa bado wamefungiwa nje ya ligi kuu ya Marekani, wakicheza katika ligi zao wenyewe. Ukuta huo uliendelea mpaka mwaka wa 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers. Irvin kwa hivyo aliipoteza sehemu kubwa ya miaka yake bora mahali ambapo magazeti makubwa hayakutazama. Lakini kijana Roberto alimtazama. Alikuwa akimbebea Irvin begi lake mlangoni ili apate kuingia uwanjani bila kulipa. Liweke jina hilo akilini, msomaji, maana litarudi.

Akiwa na miaka 18, Clemente alisajiliwa na timu ya nyumbani, Santurce. Mwaka wa 1954 Brooklyn Dodgers wakamchukua kwa dola 10,000 za kutia saini na mshahara wa dola 5,000. Kwa kijana wa mashamba ya miwa hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Lakini kulikuwa na kanuni. Mchezaji aliyelipwa kiasi hicho akiwekwa timu ya daraja la chini, timu nyingine ilikuwa na haki ya kumchukua mwisho wa msimu. Dodgers walimpeleka Montreal, Canada, na huko mara nyingi alikalishwa benchi, na wengi wameamini alikuwa akifichwa ili wengine wasimwone. Haikusaidia. Novemba mwaka huo Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa mkiani, wakamchagua wa kwanza kabisa kwa dola 4,000.

Majira hayo hayo ya baridi, akiwa nyumbani, gari lake liligongwa na dereva mlevi. Uti wa mgongo ukaumia. Maumivu hayo alitembea nayo maisha yake yote, na ni muhimu tuyakumbuke tunapofika kwenye yale magazeti yaliyosema kuhusu afya yake.

Aprili 1955 alianza kucheza Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, wenye moshi na baridi. Timu hiyo ilikuwa imempokea mchezaji wake wa kwanza mweusi, Curt Roberts, mwaka mmoja tu uliotangulia. Leo ni wachache wanaomkumbuka Roberts, aliyedumu muda mfupi katika ligi kuu, lakini ndiye aliyeufungua mlango ambao Clemente aliupitia.

Clemente alikuta kuta mbili. Ya kwanza ilikuwa rangi. Kila mwaka kabla ya msimu, Pirates walipiga kambi mji wa Fort Myers, Florida, jimbo lililokuwa na sheria za ubaguzi. Wachezaji weupe walilala hotelini. Weusi walilala katika nyumba za familia za weusi, upande wao wa mji. Basi la timu liliposimama njiani, weupe waliingia mkahawani kula, na weusi wakasubiri ndani ya basi waletewe chakula na wenzao. Clemente aliwakataza wenzake wasikipokee chakula cha namna hiyo, na akaushikilia msimamo huo mpaka viongozi wa timu wakawatafutia weusi gari lao la kusafiria. Mwanzoni huko kwao alikozaliwa hakuwa ameizoea sheria ya namna hiyo, na hakuona sababu ya kuizoea ukubwani.

Ukuta wa pili ulikuwa lugha. Alijifunza Kiingereza ukubwani, na waandishi wa habari walipomhoji, baadhi yao waliyaandika maneno yake jinsi walivyoyasikia, herufi kwa herufi, na makosa yote ya matamshi, ili wasomaji wacheke. Mtu mwenye fikra nzito akaonekana gazetini kama mtoto. Juu ya hayo wakambadilisha jina. Wakamwita Bob, au Bobby, kwa kuwa Roberto liliwashinda ndimi. Kadi za picha za wachezaji, ambazo watoto wa Marekani hukusanya, zilimwandika Bob kwa miaka kadhaa. Yeye alirudia kusema kwamba jina lake ni Roberto. Jezi yake ilikuwa nambari 21, na husimuliwa kwamba aliichagua kwa kuhesabu herufi za jina lake kamili, Roberto Clemente Walker, jina la baba na jina la mama kama ilivyo desturi ya Wahispania. Ukizihesabu utapata 21.

Watu wa Pwani hawahitaji maelezo mengi hapo. Sote tunamjua mtu ambaye jina lake lilipindwa ofisini au darasani kwa sababu karani hakutaka shida ya kulitamka, na alipolalamika akaambiwa anakuza mambo. Ukilinyamazia jina, kesho utanyamazia kingine. Clemente alikataa kuanzia hapo kwenye jina.

Sasa niueleze mchezo kidogo, ili ukubwa wake uwanjani uonekane. Besiboli ni binamu wa kriketi. Mrushaji huutupa mpira kwa kasi, mpigaji husimama na gongo, na akiupiga vyema hukimbia kupitia vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Kuupiga mpira ule ni kazi ngumu mno, hata mtu anayefaulu mara tatu katika kila kumi huhesabiwa fundi. Clemente alicheza misimu 18 katika ligi kuu, na wastani wake wa jumla ulikuwa asilimia 31.7. Mara nne aliibuka mpigaji bora wa ligi yake: 1961, 1964, 1965 na 1967. Mwaka wa 1966 alituzwa mchezaji mwenye thamani zaidi. Katika ulinzi, alisimama upande wa kulia wa uwanja, na kutoka huko aliweza kuutupa mpira moja kwa moja hadi kituoni, ukafika kabla ya mkimbiaji. Tuzo ya Glavu ya Dhahabu, anayopewa mlinzi bora wa nafasi yake, aliipata miaka 12 mfululizo.

Hata hivyo sifa zilimjia kwa kuchelewa. Mwaka wa 1960 Pirates waliwashinda New York Yankees katika fainali ya michezo saba, na Clemente alipata mpigo katika kila mchezo. Kura za mchezaji bora wa ligi zilipopigwa mwaka huo, mwenzake wa timu, Dick Groat, alishinda, na Clemente akawa wa nane. Iliuma. Aliposema imemuuma, akaitwa mwenye wivu. Alipokosa mchezo kwa maumivu ya mgongo, akaambiwa anajisingizia ugonjwa. Alipocheza na maumivu na akafanya maajabu, wakasema basi hakuwa mgonjwa. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza ugenini, na ugenini hata jasho lako hutiliwa shaka.

Lakini ukiutazama ulalamishi wake kwa makini, utaona kwamba mara nyingi hakuwa akijilalamikia mwenyewe. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa, siku chache kabla ya msimu kuanza. Clemente alimfahamu King na kumheshimu sana. Yeye na wenzake weusi wa Pirates, timu iliyokuwa na weusi wengi kuliko nyingi, walikataa kucheza kabla ya mazishi, na wachezaji weupe wakaungana nao. Hatimaye michezo ya ufunguzi ikasogezwa mbele hadi tarehe 10 Aprili, siku moja baada ya maziko.

Desemba 1969 likaja suala la Curt Flood. Huyu alikuwa mchezaji wa St. Louis aliyehamishiwa Philadelphia bila ridhaa yake, akakataa kwenda. Mikataba ya siku hizo ilimfunga mchezaji kwa timu yake mpaka timu yenyewe iamue kumuuza au kumwacha, kama bidhaa dukani. Flood aliamua kwenda mahakamani, na chama cha wachezaji kikakutana San Juan kumsikiliza. Clemente, akiwa mwakilishi wa Pirates, alikuwamo, na alimuunga mkono. Flood alishindwa katika Mahakama ya Juu mwaka wa 1972 na kazi yake ikaharibika. Miaka mitatu baadaye wachezaji wakaipata haki ile kwa njia nyingine. Mamilioni wanayolipwa nyota wa leo yana deni kwa mtu huyo ambaye wengi wao hawalijui jina lake.

Mwaka wa 1971 ndio dunia ilipomwona Clemente vizuri. Tarehe 1 Septemba Pirates walipanga kikosi cha kwanza katika historia ya ligi kuu ambacho wote walioanza walikuwa weusi na Walatino, naye Clemente akiwamo. Oktoba wakaingia fainali dhidi ya Baltimore Orioles waliopewa nafasi kubwa ya kushinda. Pirates walipoteza michezo miwili ya kwanza. Clemente, mwenye miaka 37 na mgongo mbovu, akawabeba. Alipata mpigo katika kila mchezo kati ya yote saba, kama mwaka wa 1960, kwa wastani wa zaidi ya asilimia 41, na katika mchezo wa mwisho aliupiga mpira ukavuka ua. Pirates wakashinda, na yeye akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Walipomweka mbele ya kamera kushangilia, alifanya jambo ambalo watazamaji wa Marekani hawakulizoea. Kabla ya kuwajibu kwa Kiingereza, alisema kwanza kwa Kihispania, akawaomba baba na mama yake baraka zao. Lugha ile iliyochekwa magazetini ikasikika kila nyumba yenye televisheni nchini humo.

Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha mpigo wake wa 3,000, dhidi ya mrushaji Jon Matlack wa New York Mets. Kabla yake ni wachezaji kumi tu waliokuwa wamefika hapo. Ulikuwa mpigo wake wa mwisho katika msimu wa kawaida.

Baada ya msimu alikwenda Managua, mji mkuu wa Nicaragua, akiwa kocha wa timu ya vijana wa Puerto Rico wasiolipwa. Alikaa huko majuma kadhaa, akafahamiana na watu, akatembelea wagonjwa hospitalini. Alirudi nyumbani kwa mke wake Vera na wana wao watatu. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba tetemeko la ardhi likaibomoa Managua, na maelfu wakafa.

Clemente na mwimbaji Ruth Fernández waliongoza kamati ya misaada kisiwani. Krismasi hakupumzika. Alitangaza kwenye redio na televisheni, na watu wakaleta walivyonavyo katika uwanja wa besiboli wa Hiram Bithorn. Uwanja huo umepewa jina la mchezaji wa kwanza wa Puerto Rico kufika ligi kuu, mwaka wa 1942. Bithorn aliuawa kwa risasi ya polisi nchini Mexico akiwa bado kijana. Baada ya ndege za mwanzo kwenda, habari zikarudi kwamba misaada haiwafikii wenye njaa. Jeshi la mtawala Anastasio Somoza lilikuwa likiizuia na kuitwaa uwanjani. Hapo Clemente akaamua kwenda mwenyewe. Aliamini kwamba akisimama pale kwa mwili wake, mbele ya watu wanaomjua, hakuna askari atakayethubutu kuuchukua mzigo.

Hapa ndipo ninapouona ule ukaidi wake. Mtu ambaye angekubali kuitwa Bob, kula chakula cha kuletewa ndani ya basi na kunyamaza wenzake wakiuzwa kama mizigo, angekubali pia kwamba misaada huibwa, ndivyo dunia ilivyo, na mimi nimetoa changu basi. Clemente hakuwa na moyo wa namna hiyo. Kwake mali waliyoitoa watu maskini wa kisiwani kwake kuwapa watu maskini zaidi ilikuwa amana, na amana haikabidhiwi kwa unayemshuku.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana sifa isiyo na ukweli haimfai maiti. Ndege aliyoipanda, aina ya DC-7, haikustahili kuruka. Mapema mwezi huo huo ilikuwa imetumbukia mtaroni uwanjani ikaharibika. Usiku ule ilizidisha uzito unaoruhusiwa kwa zaidi ya kilo 1,800. Mmiliki wake mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha rubani msaidizi. Wenye jukumu la kuizuia hawakuizuia. Familia za marehemu zilikwenda mahakamani kuidai serikali ya Marekani kwa uzembe huo, zikashinda mwanzo, zikashindwa katika rufaa. Nia njema haiwezi kutengeneza injini mbovu, na anayeharakisha kuwaokoa wengine anahitaji mtu wa kumwambia asubiri hadi asubuhi. Wapo waliomtahadharisha, lakini mzigo ulikuwa umengoja na watu walikuwa na njaa.

Watu walijaa ufukweni siku kwa siku wakiitazama bahari. Manny Sanguillén, mchezaji mwenzake kutoka Panama, hakwenda kwenye ibada ya kumbukumbu pamoja na timu. Alikuwa majini, akipiga mbizi na wazamiaji kumtafuta rafiki yake. Mwili wa Clemente haukupatikana mpaka leo. Familia za wavuvi wa kwetu zinajua uzito wa msiba usio na kaburi, ambapo mfiwa hana pa kwenda kusoma dua isipokuwa kuelekea maji.

Heshima zikaja kwa haraka ambayo uhai wake haukuiona. Kanuni ya Jumba la Mashujaa wa besiboli ilitaka mchezaji asubiri miaka mitano. Kwake iliondolewa, na Machi 1973 alipata kura 393 kati ya 424. Akawa Mlatino wa kwanza kuingizwa humo. Sherehe ilipofanyika Agosti mwaka huo, miongoni mwa waliotawazwa siku ile ile alikuwa Monte Irvin, yule ambaye Roberto alimbebea begi utotoni. Vera aliuendeleza mradi wa mumewe wa kijiji cha michezo kwa watoto maskini huko Carolina. Pittsburgh iliita daraja kwa jina lake, na ukuta wa upande wa kulia wa uwanja wao mpya una urefu wa futi 21. Kila mwaka ligi humtuza kwa jina lake mchezaji anayewatumikia watu.

Yote hayo ni mazuri. Ila tujiulize, kwani marehemu Clemente alibadilika? Mtu ni yule yule. Aliyedai aitwe Roberto ndiye aliyepanda ndege. Walichokiita majivuno alipokuwa hai, wakakiita ushujaa alipozama. Katika kila mtaa wetu yupo mtu wa aina hiyo, anayeuliza mkutanoni magunia ya chakula cha msaada yalikuwa mangapi na yamefika mangapi, na wakubwa wakakunja uso, na majirani wakamwona msumbufu. Tusingoje bahari imchukue ndipo tumwite jina lake sawasawa.